Joviana, Mnyoosha Nywele wa Bukoba

Mwaka 1951, Joviana Kokushubila aliposhuka melini Bukoba, watu waliokuwa gatini walimtazama kichwa kabla ya kumtazama uso. Nywele zake zilikuwa zimelala. Hazikuwa zimesukwa wala hazikufunikwa kitambaa. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimechanwa kurudi nyuma mpaka zikagusa ukosi wa gauni. Muuza ndizi mmoja akamwambia mwenzake kwa Kihaya, wala hakushusha sauti, "Huyo naye katoka Kampala."

Miaka ile ukisema mwanamke katoka Kampala ulikuwa umemwita malaya bila kulitaja neno. Joviana alisikia. Akaweka kapu lake sawa begani, akapita.

Alikuwa amezaliwa Kamachumu, upande wa Muleba, katika nyumba ya Wakatoliki wenye kibanja cha migomba na mibuni kisicho kikubwa wala kidogo. Akiwa na miaka kumi na saba aliolewa na Ildefons, mwanamume mpole, fundi wa kuezeka nyumba. Walikaa miaka mitano bila mtoto. Ildefons hakumpiga wala hakumtukana. Siku moja alimrudisha kwao, akaketi na baba yake, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa adabu na kuulizana habari za mvua, kisha akaondoka peke yake. Joviana alikuwa jikoni na mama yake. Alijua tu kwamba mambo yamekwisha aliposikia mlango wa ua unafungwa.

Nyumbani hakuna aliyemfukuza, lakini kaka zake walianza kuulizana mbele yake ni sehemu gani ya kibanja itakayomlisha. Akaona bora aondoke kabla hawajapata jibu. Akapanda meli kwenda Kampala kwa Klaudia, dada wa baba yake, ambaye watoto wote wa ukoo walimwita ishenkazi, yaani shangazi. Klaudia alikwenda huko zamani, na shughuli zake hakuna aliyeziuliza Kamachumu, ingawa sukari na mablanketi aliyotuma yalipokelewa kwa mikono miwili.

Klaudia alimtazama binti wa kaka yake akasema, "Kazi yangu mimi sikufundishi. Imenilisha, siikani. Lakini wewe tafuta yako." Kesho yake asubuhi akamvusha barabara akampeleka kwa jirani yake Mwamvita.

Mwamvita alikuwa mnyoosha nywele. Mume wake Burhani alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, aliyerudi kutoka vita vya Bama huko Asia. Huko, alisema, walikutana na askari weusi wa Marekani waliokuwa wakijenga barabara msituni, na wale vijana siku ya mapumziko walikuwa wakijipaka uji mweupe kichwani, wanaruka na kupiga mayowe, kisha wanajiosha, na nywele za kipilipili zinakuwa za singa. Burhani aliuliza wanachanganya nini, akaambiwa: viazi ulaya, mayai, na kostiki, ile dawa nyeupe ya kuchemshia sabuni. Aliporudi Kampala alijaribu kichwani mwake kwa ajili ya kuchekesha watu. Mwamvita hakucheka. Tangu zamani alikuwa akinyoosha wanawake kwa kitana cha chuma kinachotiwa motoni, na kazi hiyo ilidumu mpaka mvua ya kwanza, na Kampala mvua haibishi hodi. Alizishika nywele za mume wake, akazilowesha maji mara tatu, akaona hazirudi. Toka siku hiyo uji ule ukawa wake.

Joviana alikaa kwake miaka minne. Alijifunza kukuna viazi mpaka vilainike kama maziwa ya mgando. Alijifunza kwamba mchanganyiko unafanywa kwenye bakuli la udongo kwa mwiko wa mti, kwa sababu kostiki ikikutana na sufuria ya alumini inaitafuna huku inatoa povu. Alijifunza kwamba uji ule hupata moto wenyewe, bila jiko, ukaweza kuunguza mkono ulioshika bakuli. Kwanza unampaka mteja vaselini kichwa kizima, masikioni na shingoni. Kisha unapaka uji, unachana polepole, unaona mkunjo unakata tamaa. Halafu maji, maji mengi, halafu sabuni, halafu ndimu ya kuua ukali uliobaki. Unywele uliokwisha kunyooka haujikunji tena mpaka ukatwe. Unaoota baadaye unaota vilevile Mungu alivyoupanda, na hiyo ndiyo sababu mteja hurudi.

Mwamvita hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mawili aliyarudia kila siku. La kwanza: "Usifungue kostiki kabla maji hayajakaa pembeni yako." La pili: "Uso wa mteja ndio saa yako. Saa ya ukutani haijui kichwa cha mtu."

Kichwa cha kwanza Joviana kukifanya peke yake kilikuwa chake mwenyewe. Alibaki na kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto. Alipojitazama kiooni aliona mtu ambaye Kamachumu hawamjui, ambaye hakuna aliyewahi kumrudisha kwao, na akakaa mbele ya kile kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kilichomrudisha ni habari kwamba mama yake anavimba miguu. Hakutaka kukaa Kamachumu kwenyewe, lakini alitaka kuwa mahali ambapo akiitwa asubuhi, jioni awe amefika. Basi akapanga chumba Bukoba mjini karibu na soko, nyuma ya duka la fundi cherehani aliyeitwa Yunus. Akanunua mapipa mawili ya maji na kiti kimoja chenye mgongo mfupi.

Waliotangulia kuja ni wauguzi wawili. Kisha wake za makarani, kisha walimu wakati wa likizo, na mpiga gitaa mmoja ambaye watu walimfuata sokoni kumcheka, naye akafurahi kufuatwa. Wengine waliingia kwa mlango wa mbele, kana kwamba wanakuja kushonesha, wakapitia nyuma. Wapo waliotaka kufanana na Wazungu, na walilisema waziwazi. Wapo waliochoka tu kukaa chini kila Jumamosi kusukwa. Wengine walitaka kwa kuwa jirani anazo. Joviana hakuwauliza sababu. Jumapili moja padri alihubiri juu ya wanawake wanaoona haya kwa kile Mungu alichowapa. Joviana, aliyekuwa ameketi benchi la tatu na kitambaa chake kichwani, alitazama viatu vya padri, vyeusi, vya kamba, akawaza kwamba Mungu hakumpa padri viatu pia. Hakulisema kwa mtu. Wala hakuacha kwenda Misa.

Mwezi wa saba mwaka 1954, siku ya Alhamisi asubuhi, aliingia msichana wa miaka ishirini aliyeitwa Kemilembe. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mkazi wa Kahororo, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri. Joviana alimjua kwa sura, maana gauni lake la harusi lilikuwa linashonwa pale mbele kwa Yunus. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Nataka kunyooshwa," alisema Kemilembe. "Mama anajua nimekuja kujaribu gauni."

"Hapendi?"

"Mama yangu ni mlokole. Hata hereni hapendi."

"Na wewe unapenda?"

Kemilembe akatabasamu, akatoa kwenye kitabu chake cha nyimbo karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa picha iliyokatwa kutoka gazeti, ya bibi harusi mweusi wa huko ng'ambo, nywele zake zimelala mabegani kama kitambaa. "Mchumba wangu ndiye aliyenipa. Alisema ningependeza hivi."

Joviana aliangalia ngozi ya kichwa, akaipapasa kwa vidole. Haikuwa na kidonda wala ukurutu. Aliuliza kama amejikuna tangu jana, akaambiwa hapana. Mapipa yalikuwa yamejaa. Akampaka vaselini vizuri, akachanganya uji, na kama alivyokuwa akimwambia kila mteja, akamwambia, "Itawasha. Ikiwasha, vumilia kidogo. Uzuri hauji bure."

Maneno hayo Mwamvita hakumfundisha. Aliyaanza mwenyewe, siku za mwanzo, ili wateja wasiinuke kitini kabla ya wakati na kwenda kumsema sokoni kwamba dawa yake haishiki.

Asubuhi ile alikigeuza kiti kikatazama ukuta, ili mwanga wa dirisha uangukie kisogoni. Nywele za Kemilembe zilikuwa nyingi na nzito, za kichwa ambacho hakijawahi kuguswa na dawa yoyote, na zilianza kulala vizuri kuliko alivyotegemea. Joviana alichana, akapaka tena, akachana. Kazi ilikuwa inampendeza. Alizungumza habari za gauni, na Kemilembe alijibu "ndiyo" na "hapana", kisha akawa hajibu. Joviana akadhani ana haya. Akaongeza uji utosini, mahali nywele zilipokuwa nene zaidi.

Kilichomshtua ni mikono. Alichungulia chini, akaona mikono ya msichana imelishika pindo la gauni na kulikunja mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Akakizunguka kiti mbio. Kemilembe alikuwa amefumba macho, machozi yanatiririka, na mdomo wa chini ameuuma unatoka damu.

"Inachoma?"

"Ulisema nivumilie, mama."

Joviana alimshika mabega akamwinamisha juu ya beseni, akamwaga maji, kata juu ya kata, beseni likajaa likafurika, akaendelea kumwaga hapohapo sakafuni. Alikamua ndimu zote alizokuwa nazo. Alipopitisha vidole utosini, nywele zilitoka nazo, shungi zima, laini, zilizonyooka vizuri sana. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, upana wa kiganja, kisha ikaanza kuwa nyekundu.

Alimfunga kitambaa safi, akampeleka hospitali. Muuguzi aliyempokea alikuwa mmoja wa wateja wake. Huyo alisafisha kidonda, akapaka dawa, akafunga bandeji, na walipotoka nje akamwambia Joviana pembeni, "Kitapona. Lakini hapo katikati sidhani kama zitaota tena."

Walirudi kwa Yunus kuchukua kitabu cha Kemilembe. Msichana aliketi barazani, kichwa kimeviringishwa bandeji. Yunus, ambaye alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu, alimvuta Joviana ndani.

"Meli inaondoka leo jioni," alisema. "Mimi sina shida na wewe, unanijua. Lakini baba yake ni mtu wa kanisa, na mume mtarajiwa ni karani. Ningekuwa wewe, ningekuwa ndani ya meli hiyo. Baada ya mwaka watu watakuwa na jambo jingine."

Joviana aliingia chumbani. Kapu lilikuwa juu ya kabati. Alilishusha, akatia ndani magauni mawili na rozari. Kwa Mwamvita angepokelewa bila swali. Aliketi kwenye kile kiti, maji bado yametuama sakafuni, akafikiri juu ya yule msichana kuingia kwao peke yake na kutafuta maneno. Aliijua njia ya kurudi nyumbani na jambo ambalo huna maneno yake. Akatoa magauni kapuni, akatia bandeji na dawa aliyopewa hospitali, akatoka.

"Twende," alimwambia Kemilembe. "Nitasema mimi."

Uani Kahororo wanawake wa ujirani walikuwa wamekaa juu ya majani ya migomba wakichambua karanga za harusi. Mama yake Kemilembe, Kokuhirwa, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizonyolewa karibu na ngozi, alikuwa amesimama katikati yao na ungo mkononi. Alipoiona bandeji, ungo ulishuka wenyewe mpaka chini.

Joviana alipiga magoti, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake. "Maawe waitu," alisema, mama mheshimiwa, "mwanao nimemchoma mimi. Alikuja kwangu kunyoosha nywele, nikamwacha na dawa kupita wakati wake. Tumetoka hospitali."

Kokuhirwa aliwaambia wale wanawake waende jikoni. Waliondoka polepole, kila mmoja akiokota karanga zilizodondoka ili akawie. Walipokwisha kuondoka alisema, "Wewe ndiye yule wa Kampala."

"Mimi ni wa Kamachumu. Kampala nilifundishwa kazi."

"Na kazi yenyewe ndiyo hii."

"Ndiyo hii."

"Mama," alisema Kemilembe, "nilikwenda kwa miguu yangu. Nikakudanganya kwamba nimekwenda kwa ajili ya gauni."

Kokuhirwa alimkalisha binti yake kwenye mkeka, akaifungua bandeji mwenyewe, akatazama. Joviana alisubiri apigwe. Alikuwa tayari hata kwa hilo. Badala yake alisikia swali.

"Hakupiga kelele?"

"Hakupiga."

"Ulikuwapo na hukujua?"

"Nilimwambia avumilie," alisema Joviana. "Akavumilia. Sikuutazama uso wake."

Kokuhirwa alikaa chini kwenye mkeka. Jikoni kulikuwa kumenyamaza kabisa kwa kuwa wote walikuwa wanasikiliza. "Alipokuwa mdogo," alisema hatimaye, akimwambia nani haikujulikana, "akichomwa na mwiba nilimwambia mtoto mzuri halii. Hata sindano ya hospitali hakuililia. Nilikuwa najisifu kwa watu." Akaanza kulia yeye, bila sauti, mkono mmoja bado umeshika bandeji.

Jambo lililofuata lilikuwa zile nywele nyingine. Zilining'inia pande zote za kidonda, zimenyooka, na muuguzi alikuwa amesema ziondolewe zisilete uchafu. Kokuhirwa alikataa wembe. Kwa Wahaya mwanamke ananyolewa kichwa akifiwa. Kumnyoa bibi harusi ingekuwa ni kuyaita mauti harusini. Joviana akaomba mkasi. Akasema atazipunguza tu, urefu wa kifundo cha kidole, sawasawa kichwa kizima, zisionekane zimenyolewa wala zisiguse kidonda. Mama alifikiri, akaenda kuleta mkasi wake wa kushonea.

Joviana alikuwa ameshika nywele za watu miaka saba. Safari hii alikaa mbele ya Kemilembe, si nyuma yake, akawa anakata huku anamtazama usoni, na kila alipokaribia utosi aliuliza, "Hapa je?"

"Hapa panauma," alisema Kemilembe. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo.

Mwinjilisti aliporudi kutoka kanisani aliambiwa yote. Alitaka harusi iahirishwe, na mkewe akakubaliana naye. Kemilembe ndiye aliyekataa. Alisema wageni wa Rubafu wamekwisha kuanza safari, na kwamba mtu pekee anayehusika na kichwa chake ni mchumba wake Rugaibula, basi aitwe aambiwe. Joviana aliombwa arudi kesho, awepo.

Rugaibula alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri kwa lori kutoka Kemondo, alikokuwa karani wa ghala la kahawa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, amevaa tai hata siku ya kazi. Haikuwa desturi amwone bibi harusi siku ile, lakini baba mwenyewe alimkaribisha barazani. Kemilembe alitoka ndani. Akafungua kitambaa kwa mikono yake, kisha bandeji, akainamisha kichwa ili mchumba wake aone vizuri.

Rugaibula alikitazama kidonda. "Nani alikutuma kufanya hivi?" aliuliza.

Joviana, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alifungua mdomo. Kemilembe alimtangulia.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ile picha."

Ilionekana wazi kwamba alikuwa ameisahau. "Ile picha," alisema. "Kemilembe, nilisema tu. Niliiona gazetini nikasema tu."

"Nami nilisikia."

Rugaibula alivua miwani, akaketi kwenye ngazi ya baraza na suruali yake ya kazi iliyopigwa pasi. Joviana alidhani atamgeukia yeye sasa, na alikuwa amejiandaa. Lakini kijana alikuwa anatazama mikono yake. Baadaye akauliza, bila kuinua uso, "Inauma?"

"Inauma sana," alisema Kemilembe.

"Basi nitakwenda kwa mchungaji. Nitamwomba ibada iwe fupi, usisimame muda mrefu." Akainuka, akavaa miwani, akaenda kweli, kwa miguu, lori likabaki limesimama njiani.

Siku ya harusi Joviana hakuingia kanisani. Wakatoliki wakati ule walikatazwa kuingia kwa Walutheri, naye hakutaka kuongeza dhambi nyingine juma lile. Alisimama barabarani pamoja na wanawake wengine wa Kikatoliki waliokuja kutazama gauni. Kemilembe alipotoka, shela ilimfunika mpaka mabegani. Mwanamke mmoja alisema nywele zimefichwa kwa nini, mwingine akajibu ndiyo mtindo.

Lakini Bukoba ni mji mdogo. Kabla ya Jumatano habari ilikuwa imefika Kemondo na kurudi ikiwa imeota pembe: bibi harusi kafa, bibi harusi kawa kipofu. Wateja walitoweka. Joviana alikiweka kibuyu alichohifadhia kostiki chini ya kitanda, akarudia kusuka na kutumia kitana cha chuma. Hakuna aliyemkataza kazi. Alijikataza mwenyewe.

Kila baada ya siku tatu, kwa majuma matano, alipanda lori la mizigo kwenda Kemondo kumbadilishia Kemilembe bandeji nyumbani kwa mumewe. Mwanzoni walizungumza juu ya kidonda tu. Halafu Kemilembe akaanza kumweleza habari za watoto wa darasa lake, na Joviana akajikuta anamweleza habari za Ildefons, jambo ambalo hata Mwamvita hakuambiwa lote. Ngozi ilifunga ikawa laini, inang'aa, bila unywele hata mmoja. Kemilembe alijifunza kufunga kitambaa kwa namna iliyompendeza, na walimu wenzake wakamwiga bila kujua sababu.

"Kwa nini hunyooshi tena?" Kemilembe alimuuliza siku moja.

"Unaniuliza wewe?"

"Nani mwingine atakuuliza? Wapo wanaokwenda kwa mtu mwingine huko mjini, asiyejua hata kupaka vaselini. Nimewaona. Kazi usiiache. Acha lile neno."

Joviana alijua ni neno gani. Kuirudia kazi kulimchukua mwaka na nusu. Mwaka 1956 alitoa kibuyu uvunguni, akaona kostiki imeganda kwa unyevu, akaitupa, akanunua mpya. Kiti alikigeuza kikatazama dirisha, akapiga msumari na kutundika kioo mbele yake, awe anauona uso wa mteja kila anapoinua macho. Kwa kila aliyeketi alisema jambo moja: "Ikichoma, sema. Nikiona umenyamaza sana nakuosha, iwe imenyooka, isiwe imenyooka."

Na aliwaosha. Wapo walioondoka na nywele nusu singa nusu kipilipili, wakamlaumu njia nzima. Mmoja alisema sokoni kwamba Joviana amekuwa mwoga, na jina likamshika: Joviana Mwoga. Lilimuuma kwa miezi michache. Kisha akaona wanaokuja sasa ni wasichana walioletwa na mama zao, na mama wakifika mlangoni wanauliza, "Ndiye huyu yule mwoga?" wakisikia ndiye, wanaketi.

Mama yake alifariki mwaka 1959. Joviana alikuwa ameitwa asubuhi na jioni alikuwa amefika. Alimkuta bado anasema. Baada ya maziko alinyolewa kichwa pamoja na ndugu zake uani Kamachumu, na zile nywele za singa alizozitunza zaidi ya miaka kumi zikafagiwa pamoja na za wengine, zikaenda kutupwa migombani. Kaka yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa mpole zaidi, alimwonyesha kipande cha kibanja upande wa barabara akasema ni chake. Alikipanda mibuni, akawa anakwenda kila mwisho wa mwezi kupalilia.

Aliporudi mjini aliziacha nywele ziote. Aliwaza kwamba zikifika vidole vitatu atajinyoosha. Zikafika vitatu, zikafika vinne, na kila alipochanganya uji palikuwa na mtu mwingine kitini. Wateja walishangaa kuona mnyoosha nywele mwenyewe ana kichwa cha kipilipili kama mtoto wa shule. Msichana mmoja, karani mpya wa posta aliyejiamini, alimuuliza waziwazi, "Mama, mbona wewe mwenyewe hujinyooshi? Au unajua jambo usilotuambia?"

Joviana alikuwa anampaka vaselini nyuma ya masikio. Alimtazama kiooni.

"Nimewaambia yote," alisema. "Zangu mimi zimechoka. Zako bado. Inua kidevu."